Gombo la Kuzimua Katika Nchi ya Mrijani

Namna nilivyofika Mrijani sitaieleza. Mtu wa kwanza niliyemsimulia aliinama akaninusa mdomo, na wa pili akaniuliza kama nimeshapima malaria. Basi safari tuiache. Nitasema niliyoyaona, na niliyoyaona yalinichefua.

Inatosha kujua kwamba mimi ni mhudumu wa josho. Kwa miaka ishirini na mitatu nimesimama ukingoni mwa josho la kijiji chetu, huku Ugogoni, nikikoroga dawa kwa fimbo ndefu na kuwasukuma ng'ombe waingie. Siku nilipoondoka, josho lilikuwa limekaa kavu miezi tisa. Halikuwa na ubovu wowote. Dawa ilikuwa imefungiwa stoo, ikisubiri sahihi ya bwana mmoja ambaye kila ukimfuata yuko semina. Sahihi ilipopatikana mapipa yakaletwa, yakashushwa mlangoni pa kibanda changu, na mwenzangu Mlewa akaanza kujaza maji. Hapo ndipo nilipoondoka.

Mrijani ni nchi ya kilima kimoja. Kilima chenyewe kina joto na nywele, na hupanda na kushuka taratibu. Nilipokikanyaga tu nilijua niko juu ya nini, maana harufu ile nimelala nayo tangu utotoni. Alikuwa ng'ombe. Wakazi wake wanamwita Mwenyeji, na kama msomaji ameshakisia wakazi hao ni nani, amekisia sawa. Ni wale wale ninaolipwa mshahara kuwaua. Jina tunalowaita kwetu sikulitaja mbele yao hata siku moja, kwa adabu tu, kwa kuwa nilikula kwao.

Juu ya lango la mji wameandika kwa herufi kubwa: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilisimama pale nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza nina shida gani. Kwetu tunasema pia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamekaa kwa Mwenyeji tangu dunia iumbwe, na jembe hawalijui hata kwa picha. Kila nyumba ina mrija uliochomekwa sakafuni, na huo mrija ndio shamba, ndio jiko, ndio soko. Mtu akisikia njaa huinama akavuta. Akishiba huinuka akatoa hotuba.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni namna wanavyopanga heshima. Huko mtu hasifiwi kwa anachojua. Husifiwa kwa kile ambacho babu zake waliacha kukijua. Kuna ukoo wa Waliotupa Macho, ambao hutembea wakishikwa mkono na kupisha hawapishi mtu. Kuna ukoo wa Waliotupa Mbio. Ukoo mkubwa kuliko yote ni wa Waliotupa Meno, na mkuu wake siku zile alikuwa Mheshimiwa Hambiliki, Mkuu wa Mizani, mtu mnene, laini, mwenye ufizi mtupu anaouonyesha kwa wageni kama sisi tunavyoonyesha cheti.

Nieleze jinsi walivyofika hapo. Zamani kila kazi ya mwili wao ilikuwa na chombo chake. Kulikuwa na chombo cha kuvunja wanga, chombo cha kulainisha mafuta, chombo cha kuunda sukari pale isipopatikana. Vyombo hivi vidogo, ambavyo wasomi wetu huviita vimeng'enya, huchakaa upesi, kwa hiyo sharti viundwe upya kila siku. Namna ya kuunda kila kimoja imeandikwa katika gombo lake, na magombo yote hutunzwa katika Bohari kuu. Asubuhi wanakili hunakili, mafundi hupokea nakala, na vyombo huundwa. Mpaka hapo sina neno. Kwetu pia mtu hujenga kwa ramani.

Lakini kuna Sheria ya Wepesi. Ilipotungwa ilikuwa na akili: tusiwe wazito, Mwenyeji asije akatuhisi akajikuna. Kila mwaka, Siku ya Mizani, magombo hupimwa, na gombo ambalo kazi yake inaweza kufanywa na Mwenyeji hutupwa. Kwa nini uunde sukari wakati inakuja kwenye mrija? Wakatupa. Kwa nini utafune wakati Mwenyeji ameshatafuna? Wakatupa, wakafanya sherehe. Yalikuwa magombo elfu mbili. Nilipofika mimi yalibaki arobaini na moja, na kila mtu niliyemuuliza alinitajia idadi hiyo kwa fahari.

Ungedhani watu wanaojali wepesi hivyo wangekuwa na magombo mepesi. Sivyo. Magombo yao ni marefu kupita kiasi, na sehemu kubwa ni upuuzi. Katikati ya maelezo ya kazi, pengine katikati ya sentensi, huingia fungu la sifa za ukoo fulani. Nilisoma gombo moja lililoanza vizuri: chukua uzi, ukunje mara tatu, kisha ghafla Hambiliki mwana wa Hambiliki, mtukufu mtukufu mtukufu, biliki biliki biliki, kwa mistari themanini, ndipo likarudi na kusema: ufunge fundo. Hakuna fundi anayeweza kuunda chombo kwa maneno kama hayo. Kwa hiyo kila asubuhi, nakala ikishaandikwa nzima pamoja na sifa zake, hupelekwa kwa Wakataji. Hao huyakata mafungu ya sifa, huyatupa katika Shimo la Masazo, kisha hushona vipande vilivyobaki na kuwapa mafundi.

Wakataji wamekatazwa kusoma. Wanajua alama mbili tu. Kila fungu la sifa huanza kwa neno Enyi na huisha kwa neno Basi, na wao hukata toka Enyi mpaka Basi, liwe refu au fupi, bila kuangalia kilichomo. Mkuu wao alikuwa mzee mmoja aitwaye Chapakazi, mwenye sugu kwenye kidole gumba kwa miaka mingi ya mkasi. Nilimuuliza, kwa upole nilioweza, kwa nini wasiyaandike magombo bila sifa tangu mwanzo. Alitua mkasi wake akaniangalia kwa huruma.

"Tusipoyaandika," akasema, "tutakata nini?"

Niliambiwa kwamba jambo hilo lilikwishajadiliwa barazani, kwa miaka sita. Kundi moja lilisema sifa zinaongeza uzito, na sheria inataka wepesi. Kundi la pili likajibu kwamba sifa ni heshima, na heshima haina uzito. Waliamua kwa kura kuwa heshima haina uzito. Tangu siku hiyo, gombo likiwekwa mizanini, mpimaji hulinyanyua kidogo kwa kidole pale penye sifa. Nilimwona kwa macho yangu akifanya hivyo, na hakuna aliyecheka.

Mwenyeji wangu mimi, yaani aliyenikaribisha, alikuwa mnakili mjane aitwaye Bi Sikitu, wa Mtaa wa Sikio. Alikuwa mwembamba, na uti wa mgongo ulikuwa umepinda kwa kuinamia maandishi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wote Bohari nzima, na kwa sababu hiyo tu walimvumilia. Kosa lake ni kwamba alikuwa mlinzi wa Gombo la Kuzimua.

Gombo hilo lilikuwa fupi, mistari mia tatu na kumi, bila hata fungu moja la sifa, maana hakuna ukoo uliotaka jina lake liwekwe mahali pasipotembelewa. Lilifundisha kuunda chombo ambacho hukamata sumu ndani ya damu na kuivunja kabla haijafika moyoni. Bibi yake Bi Sikitu aliwahi kuyaona Maji Machungu, siku ambayo nchi nzima ilizamishwa na watu wakaachia mmoja mmoja wakaanguka. Yeye na wachache waliunda chombo hicho wakapona. Lakini Maji Machungu hayakurudi tena. Vizazi vitatu vikapita. Miezi tisa ya josho langu kavu, kwao, ilikuwa vizazi vitatu. Nilipoelewa hivyo nilimkumbuka yule bwana wa semina, nikaona kumbe kwa uzembe wake alikuwa amelea taifa zima.

Kila mwaka Siku ya Mizani walitaka kulitupa gombo hilo, na kila mwaka Bi Sikitu alipiga magoti akaliombea mwaka mmoja zaidi. Mwaka huu Hambiliki alikuwa ameapa kwamba hatamsikiliza.

Nilimwambia jioni ya pili, tukiwa tumekaa kwenye mrija. Nilimwambia Maji Machungu yanakuja, na si mwakani. Mapipa yameshashushwa na maji yanajazwa. Aliuliza nimejuaje. Nilitaka kutafuta uongo mzuri, sikuupata.

"Ndiyo kazi yangu," nikasema. "Mimi ndiye mkorogaji."

Alinisogezea mrija. Kisha akaniambia nile, chakula kinapoa.

Sijui nieleze vipi aibu niliyoisikia. Nimewakanyaga watu wake kwa kisigino, nimewachoma kwa mafuta ya taa, na sitasema kwamba nimetubu, maana ng'ombe wa watu wanakufa kwa ajili yao. Lakini chakula cha mtu kina deni lake. Kesho yake nilifuatana naye barazani.

Baraza lao ni ukumbi mkubwa wenye mirija pembeni, ili wajumbe wasikatishwe na njaa. Nilisimama nikaeleza kila kitu: josho, mapipa, dawa, kiasi cha kipimo. Walinisikiliza kwa adabu. Mjumbe wa kwanza akauliza kama nina barua ya utambulisho. Mjumbe wa pili akasema kwamba yeye ana umri mkubwa na hajawahi kuona sumu, kwa hiyo sumu haipo. Wa tatu akasema ipo, lakini ikija Mwenyeji ataizimua mwenyewe kwa faida yetu, kwa kuwa mengine yote hutufanyia. Hoja hii iliwafurahisha sana. Nilijaribu kuwaambia kwamba Mwenyeji ndiye atakayetembea mwenyewe kuingia kwenye maji hayo, na kwamba akitoka atafurahi. Walicheka. Mmoja aliniuliza kama kwetu pia wageni husemwa vibaya na wenyeji wao.

Bi Sikitu alisema maneno machache tu. Alisema akiba haiozi, na gombo lake ni jepesi kuliko fungu moja la sifa. Hapo wajumbe wakainua vinywa kutoka mirijani. Hambiliki aliinuka, akasema kwa ufizi wake laini kwamba kuilinganisha kazi na sifa ni utovu wa adabu, na kwamba gombo lisilo na jina la mtu yeyote mkubwa ndani yake ni ushahidi tosha kuwa halina maana. Kura zikapigwa. Gombo la Kuzimua litatupwa Siku ya Mizani, siku tatu mbele, na kwa mujibu wa sheria litatupwa kwa mkono wa mlinzi wake.

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Bi Sikitu hakuvimba. Alikuwa na mistari mia tatu na kumi ambayo hakuweza kuikariri, maana mstari mmoja tu ukikosewa chombo hakishiki sumu, na yeye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoroka. Nakala nyingine ilikuwa marufuku. Ikikutwa nyumbani ni uzito wa siri, na adhabu ya uzito wa siri ni kuangushwa.

Kilichomwokoa ni majivuno ya mwanamume. Asubuhi iliyofuata Hambiliki alimwita. Alikuwa anatimiza mwaka wa ishirini katika ukuu wa Mizani, na alitaka fungu lake la sifa lirefushwe katika Gombo la Damu. Hili ndilo gombo la chombo cha kuzuia damu isigande mrijani, gombo ambalo hata wao hawathubutu kulitupa. Alimtaka yeye kwa sababu ya mwandiko wake. Bi Sikitu aliporudi aliketi, akaanza kucheka, na nilikuwa sijawahi kumwona akicheka.

"Kasema niandike chochote," akasema, "mradi kiwe kirefu."

Akaandika. Siku mbili nzima aliketi Bohari mbele ya walinzi wawili, akiandika neno Enyi, na jina la Hambiliki mara tano, kisha mstari wa kwanza wa Gombo la Kuzimua, ambalo kama mlinzi wake bado alikuwa nalo mezani, na wa pili, na wa tatu, mpaka wa mia tatu na kumi, na mwisho akaweka Basi. Hakuna aliyesoma. Sifa huko haziandikwi ili zisomwe.

Ila fungu hili moja lilisomwa, maana kulikuwa na sherehe. Mpiga mbiu alisimama mbele ya wakubwa wote akalisoma fungu jipya kwa sauti ya kutetemeka: Hambiliki mtukufu, chukua nyuzi mbili zinazopingana, acha mfuko katikati, mfuko uwe mkubwa wa kuingia sumu na mdogo wa kuinyima kutoka. Nilimtazama Bi Sikitu, naye alikuwa anatazama vidole vyake vyenye wino. Hambiliki alilia. Alisema mbele ya watu kwamba hajawahi kuelezwa vizuri namna ile.

Siku ya Mizani Bi Sikitu alilitupa gombo lake kwa mkono wake, na watu wakasema kumbe bibi ameshakubali. Gombo la Damu likawekwa mizanini, na mpimaji akalinyanyua safari hii kwa vidole viwili.

Toka siku hiyo mambo yalikwenda kama alivyopanga. Kila asubuhi Gombo la Damu lilinakiliwa zima. Kila asubuhi kijana wa Chapakazi alikata toka Enyi mpaka Basi, akatupa shimoni. Magombo yanalindwa kwa mikuki. Masazo hayalindwi, nani ataiba takataka? Bi Sikitu alikwenda shimoni na kapu akaokota fungu la Hambiliki likiwa bado halijachafuka, akalileta nyumbani chini ya kanga. Tulikunja nyuzi, tulipima mifuko, na majirani wawili wa Mtaa wa Sikio wakasaidia. Chombo cha kwanza hakikushika. Cha pili kikavuja. Siku ya tatu tulipata kimoja kilichoshika, na baada ya hapo tukaunda vyombo hivyo kwa mamia, tukavijaza katika chungu cha maji mtu aweze kuvinywa.

Siku ya nne kilima kiliinuka. Niliujua ule mwendo: mguu wa mbele unasita, halafu wa nyuma unasukumwa. Nilijua pia sauti ya Mlewa, ingawa ilitoka mbali kama ngurumo. Nchi ikateremka, ikazama. Maji yaliyokuja yalikuwa meupe na machungu, na yalikuwa dawa yangu, kwa kipimo changu. Mitaa ya Tumboni na Mgongoni ilikwenda kwanza. Niliona ukoo mzima wa Waliotupa Macho ukiachia kwa pamoja, wameshikana mikono, kila mmoja akimwuliza mwenzake kuna nini.

Mtaa wa Sikio ulisimama, kwa kuwa ulikuwa umeshakunywa. Kabla maji hayajakauka Bi Sikitu alitoka na chungu chake. Hakuchagua. Alimnywesha aliyekuwa karibu, kisha aliyefuata, na waliomcheka barazani aliwainua vichwa kwa mkono wake mwenyewe. Hambiliki aliletwa amebebwa, midomo imekuwa bluu. Alinyweshwa wa saba. Kabla hajameza vizuri aliuliza kwa nini hakuwa wa kwanza.

Nusu ya taifa ilipona. Nilidhani sasa watajifunza. Mimi ni mtu mzima, nimekaa kwenye vikao vya kijiji miaka yote hii, na bado nilidhani hivyo.

Liliitishwa baraza la uchunguzi. Ilithibitishwa pasipo shaka kwamba dawa iliyoliponya taifa ilitoka ndani ya fungu la sifa la Mheshimiwa Hambiliki. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Ikaonekana sasa kwamba waliosema sifa hazina kazi walikuwa wajinga, na kwamba jina la Hambiliki likirudiwa vya kutosha huvunja sumu. Chapakazi alitoa ushahidi kwamba hata mkasi wake ulikuwa unasikia joto ulipopita pale. Kisha Bi Sikitu akasimama. Wengine wangenyamaza. Yeye alisema kwamba si jina lililoponya, ni mistari mia tatu na kumi ya gombo walilolitupa, na kwamba aliiandika mwenyewe, na kwamba afadhali watenge watu wawili au watatu wa kujifunza kuisoma kabla yeye hajafa.

Makofi yakakoma. Hambiliki aliinamia mbele.

"Uliandika nini ndani ya jina langu?"

"Niliandika kilichokuponya."

"Sikukuuliza kilifanya nini," akasema. "Nakuuliza kilifanya kazi kwa idhini ya nani."

Nilikuwa sijui kwamba sheria zao zina kosa hilo, lakini lilikuwamo, tena ukurasa wa kwanza: kuitumikisha sifa. Sifa ni ya kuandikwa, kukatwa na kutupwa. Anayeifanya itende kazi ameishusha daraja, na pamoja nayo ukoo mzima. Mjumbe mmoja, ambaye Bi Sikitu alimnywesha wa tatu, alisimama akasema anasikitika, lakini sheria ni sheria. Bi Sikitu akahukumiwa kuachia, aanguke.

Hukumu nyingine zilisomwa siku hiyo hiyo. Fungu tukufu la Hambiliki, kwa kuwa limeokoa taifa, litaingizwa katika kila gombo nchini, neno kwa neno, milele. Litakatwa kila asubuhi kwa mkasi wa shaba. Shimo la Masazo litawekewa kifuniko, muhuri na walinzi wa mikuki, ili masazo ya heshima yasiokotwe na watu wa hovyo. Na ili mtu yeyote asije tena akashawishika kuchezea sifa, wanakili watakaofundishwa tangu sasa watafundishwa maumbo ya herufi tu, bila maana yake. Majirani wawili waliotusaidia waliapishwa kusahau. Waliapa.

Nilimsindikiza Bi Sikitu mpaka ukingoni mwa nchi, pale manyoya yanapokwisha na chini kunaonekana majani. Nilikuwa nimekasirika mpaka siwezi kusema vizuri. Nilimwambia anifundishe mimi basi, nitabaki, nitaokota. Aliniuliza kama naweza kufungua muhuri wa shimo mbele ya mikuki, nami nikatazama majani chini. Nilimwuliza kwa nini hakunyamaza barazani, achukue makofi nusu, abaki hai. Alisema angebaki hai mwaka mmoja au miwili akiokota peke yake, na siku angekufa ingekuwa vile vile, ila hakuna ambaye angekuwa ameambiwa. Alitaka wawe wameambiwa.

Kisha alinigusa bega kwa ule mkono wenye wino.

"Ukirudi, mkorogaji, koroga kama kawaida. Si wewe utakayewaua."

Akaachia.

Namna nilivyorudi sitaieleza pia. Nilimkuta Mlewa ukingoni mwa josho ananung'unika. Alisema dawa hii mpya ni ya ovyo, wametuchanganyia maji wilayani. Kuna ng'ombe ametoka na nusu ya kupe wakiwa hai, hasa masikioni. Alikuwa ameshaandika barua ya kuomba kipimo kiongezwe mara mbili. Barua ilikuwa na kurasa nne, na tatu za kwanza zilikuwa salamu na vyeo vya bwana wa semina. Nilisoma yote nikamrudishia.

Pale chini, karibu na zizi, palikuwa na kupe mmoja mzee, mkavu, amelala juu ya vumbi miguu juu. Kwa miaka ishirini na mitatu ningepita na kisigino. Nilimzunguka. Mlewa aliniona akaniuliza nimekanyaga mwiba.

Huko Mrijani, kwa hesabu yangu, watoto wa wale tuliowaacha wameshakuwa wazee. Sina shaka kwamba gombo la Bi Sikitu bado linanakiliwa kila asubuhi, mara arobaini, mistari mia tatu na kumi bila kosa hata moja, kwa mwandiko mzuri wa watu wasiojua wanachoandika. Linakatwa toka Enyi mpaka Basi. Linaingizwa shimoni kwa heshima zote, na kifuniko kinarudishwa.

Jumatano ni siku ya kuogesha. Mlewa anasisitiza tutie dawa mara mbili. Nimemwambia asiongeze kitu; safari hii hata nusu yake itatosha. Ameniuliza nimejuaje, nami nimechukua fimbo nikaenda kuisafisha.